Mwili Uliozoea Mafua Haumlindi Jirani

Wanangu mnaofunga matenga ya kuku kwenye pikipiki kabla ya adhana ya alfajiri, na ninyi wengine mnaosomea udaktari, mifugo na maabara, neno langu kwenu nyote ni moja. Nalitanguliza, msije mkachoka kunisikiliza kabla sijalifikia. Mwili wa mtu aliyewahi kuugua mafua ya kawaida una kinga fulani dhidi ya mafua ya ndege. Ni kinga ya kweli, imepimwa na wataalamu. Lakini kinga hiyo humsaidia mwenye mwili, na jirani yake anaweza kubaki hatarini vilevile.

Nayasema haya kwa sababu nayasikia maneno yenu sokoni. Mkitajiwa mafua ya ndege mnajibu kwamba mmekua na kuku, mmelala nao chumba kimoja, mafua mmeugua tangu utotoni, miili imeshazoea. Wasomi wengi wakisikia hivyo hutikisa kichwa. Mimi, mtu wa mifugo niliyezeekea mabandani, sioni cha kudharau hapo. Naona kauli yenye kweli ndani yake iliyoachwa katikati ya njia, na kauli ya namna hiyo ina hatari yake, maana mtu huiegemea kwa uzito wake wote.

Virusi vya mafua aina ya A vimevikwa protini mbili kwa nje. Ya kwanza ni hemaglutinini, iandikwayo H, ambayo virusi huitumia kujishikiza kwenye seli ya mtu au ya ndege. Ya pili ni nyuraminidasi, N, inayovisaidia kutoka humo na kusambaa. Majina mnayoyasikia redioni yametokana na hizo. H1N1 na H3N2 ni mafua ya watu, yanayozunguka dunia kila mwaka, na huku kwetu kwenye joto huweza kuonekana mwezi wowote. H5N1, H7N9 na H9N2 ni ya ndege. Kingamwili tunazopata baada ya kuugua au kuchanjwa hushika zaidi kichwa cha ile H. Kichwa hicho hubadilika upesi, ndiyo maana chanjo ya mafua hutazamwa upya kila mwaka, na kingamwili zilizojifunza kichwa cha H1 au H3 kwa kawaida hazikijui cha H5. Kama kinga yetu ingekuwa hiyo tu, mtu mzima angekutana na mafua ya ndege akiwa mgeni kabisa, sawa na mtoto wa jana.

Ila zipo seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, na hizi hazihangaiki na vazi la nje. Wanangu wa pwani watanielewa nikisema hivi: jahazi unaweza kulipaka rangi mpya, ukabadilisha tanga na jina la ubavuni, askari wa bandari akalipita asilitambue. Fundi akilikuta limepandishwa pwani, mbao zimebanduliwa, akiutazama mkuku na mataruma atajua ni lilelile. Virusi navyo hubadilisha cha nje, lakini protini za ndani, zile zinazobeba na kunakili vinasaba vyake, hazina uhuru huo, kwa kuwa zikigeuka sana virusi hushindwa kuzaliana. Kwa hiyo nyukleoprotini na protini ya M1 za mafua ya mtu zinafanana mno na zile za mafua ya kuku.

Seli T huzionaje protini zilizofichwa ndani? Aliyefungua mlango wa swali hili ni daktari wa mifugo, na ninyi wa fani yangu mlitunze jina lake: Peter Doherty wa Australia. Yeye na Rolf Zinkernagel wa Uswisi, wakifanya kazi Canberra mwanzoni mwa miaka ya 1970, waligundua kwamba seli T huitambua seli iliyoambukizwa kwa kutazama vitu viwili kwa pamoja, alama ya mwili wenyewe na alama ya mgeni. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1986, Alain Townsend na wenzake Uingereza walikuwa wameshaonyesha kwamba alama ya mgeni ni kipande kifupi tu cha protini. Seli iliyovamiwa huzikatakata protini za virusi, ikaviweka vipande kwenye molekuli ziitwazo HLA juu ya ngozi yake, na seli T ya kuua inapopita na kukitambua kipande, huiua seli hiyo kabla haijamaliza kuzalisha virusi vipya. Kipande kimoja mashuhuri cha M1 kina asidi amino 9 tu, na karibu hakibadiliki, iwe ni mafua ya mtu au ya ndege.

Shikeni mpangilio huo vizuri, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Seli lazima iwe imeshavamiwa ndipo seli T ipate cha kuona. Kingamwili nzuri huweza kuvizuia virusi visiingie. Seli T huanza kazi vikishaingia.

Sasa ushahidi. Mwaka 1965 watafiti wawili Marekani, Schulman na Kilbourne, waliwaambukiza panya mafua ya aina moja, kisha wakawapa ya aina nyingine. Panya hawakuepuka maambukizi, lakini virusi mapafuni vilipungua na vifo vikapungua. Mwaka 1983 Andrew McMichael na wenzake Uingereza walipata watu 63 waliokubali kwa hiari kutiwa virusi hai vya mafua puani. Nawaheshimu sana watu wale, ambao majina yao hatuyajui. Waliokuwa na seli T zenye nguvu, hata kama kingamwili hawakuwa nazo, walivisafisha virusi upesi kuliko wenzao. Mwaka 2008 kundi lingine lilipima damu ya watu wenye afya Uingereza na Vietnam, na wengi wao walikuwa na seli T za kumbukumbu zinazozitambua protini za H5N1, hasa zile za ndani. Kumbukumbu hiyo waliipata kwa mafua ya watu, yale tunayoyatibu kwa tangawizi na ndimu.

Kisha ukaja mwaka 2009, mafua mapya ya H1N1 yakazunguka dunia. Ajit Lalvani na wenzake wa Imperial College London waliwahi kuchukua damu za wafanyakazi na wanafunzi 342, wakawafuatilia. Miongoni mwa walioambukizwa, wale waliokuwa na seli T nyingi zaidi za kutambua vipande visivyobadilika waliugua kidogo, na wengine hawakuonyesha dalili yoyote. Miaka minne baadaye H7N9 ilipozuka China, madaktari wa Shanghai waliona jambo la jamii hiyohiyo wodini: wagonjwa ambao seli zao T za kuua zilijitokeza mapema ndio waliotoka hospitali mapema, na kwa waliofariki seli hizo zilikuwa chache.

Kwa hiyo, mwanangu unayesema mwili umezoea, hukukosea. Una kumbukumbu ya mafua ndani yako, na kumbukumbu hiyo inaweza kukutoa kwenye jeneza ikakuweka kitandani, au kukutoa kitandani ukawa mtu wa kupiga chafya tu.

Lakini tazama na upande wa pili kwa macho yaleyale. Tangu mwaka 2003 zaidi ya watu 900 wamethibitishwa kuugua H5N1 duniani, na karibu nusu yao wamekufa. Najua wapo walioumwa kidogo wasifike hospitali, hivyo kiwango halisi cha vifo huenda ni kidogo kuliko nusu. Hata hivyo waliokufa wamekufa, na wengi wao bila shaka walikuwa wameshaugua mafua ya kawaida maishani. Misri imepata wagonjwa zaidi ya 350 na theluthi moja wakapotea, wengi wakiwa kina mama na watoto wa nyumba zinazofuga kuku uani, watu waliozoea kuku kuliko mimi na wewe. Cambodia, tangu 2023, imezika watoto. Kuzoea hakukuwatosha. Pengine dozi ya virusi ilikuwa kubwa, pengine kumbukumbu ilikuwa imefifia. Katika panya seli T zinazokaa mapafuni hupungua sana baada ya miezi michache tu. Mtoto mdogo naye hajawa na mafua mengi ya kukumbuka.

Yote hayo ni utangulizi. Kisa ninachotaka mkibebe kwenye matenga yenu ni cha kuku.

Mwaka 1997 mtoto wa miaka mitatu alikufa Hong Kong kwa H5N1. Mwisho wa mwaka ulipofika wagonjwa walikuwa 18, na 6 kati yao walifariki. Wakaguzi walipoingia masoko ya kuku hai walikuta virusi kwa takriban kuku mmoja kati ya watano. Linalosumbua akili ni kwamba virusi hivyo, ukiviweka ndani ya kuku wa maabara, humuua kwa siku chache. Sokoni, kuku walikuwa wamesimama wakidonoa mtama. Mteja angemkamata mmoja, akampima uzito kwa mkono, akamwona mzima, akaenda naye nyumbani. Mwishoni mwa Desemba serikali iliamua kuchinja kuku wote wa Hong Kong, takriban milioni moja na nusu, na wagonjwa wapya wakakoma.

Kwa nini kuku hawakufa? Sang Heui Seo na Robert Webster, huko Memphis, walilitafutia jibu na kulichapisha mwaka 2001. Masoko yale yalikuwa pia na virusi vya H9N2, ambavyo kwa kuku ni ugonjwa mwepesi. Waliwaambukiza kuku H9N2 kwanza, kisha H5N1. Kuku hawakufa. Wakachukua kingamwili zao wakazijaribu, hazikuitambua H5. Wakachukua seli T kutoka kwa kuku waliopona H9N2 wakawahamishia kuku wa ukoo mmoja nao, na hao wakalindwa na kifo. Ni kinga ileile niliyowaeleza, safari hii mwilini mwa kuku: ugonjwa mdogo wa jana umemfunza kupona ugonjwa mkubwa wa leo.

Na kinyesi chao kilikuwa kimejaa H5N1.

Naomba mlitafakari hilo polepole. Kinga ilimwokoa kuku, ikaacha virusi vikitoka kwenye mwili unaoonekana mzima, vikiingia tenga hadi tenga, kisu hadi kisu, mpaka kwa mtoto wa mtu. Kuku wale wangekufa siku ya kwanza, muuzaji angeshtuka, afisa angeitwa, soko lingefungwa mapema. Uzima wao ndio ulioficha moto. Kwa wanadamu mambo ni nafuu kidogo, kwani kati ya wale 63 wa Uingereza, wenye seli T imara walitoa virusi vichache kuliko wenzao. Lakini vichache si sufuri, na mtu asiyejisikia mgonjwa hukaa na watu, huingia kwenye daladala, husalimia wazee kwa mkono.

Msiseme hayo ni ya Hong Kong. H9N2 imeshatambuliwa katika masoko ya kuku hai ya Uganda na Kenya miaka ya karibuni. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa Lutembe, ukingoni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kwa virusi vya H5N8. Kuku na bata wa kufugwa nao wakakutwa navyo, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hawaombi pasi; kila mwaka hutua kwenye maziwa na mabwawa yetu. Mazingira ya kisa cha Hong Kong, yaani kuku wenye ugonjwa mwepesi kukutana na virusi vikali ndani ya banda moja, kwetu yanaweza kupatikana siku yoyote ya soko.

Ndiyo maana nawaambia ninyi wafanyabiashara: msitumie uzima wa kuku kama cheti. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nanyi mfungeni kweli, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Tenga liloshwe kwa sabuni na lianikwe juani kati ya safari na safari, bata wasilale na kuku, na yule aliyebaki jioni bila mnunuzi asirudishwe kwenye kundi la nyumbani. Kuku wakianza kufa kwa mkupuo, tabia yetu ni kusema kideri, kisha kuwachinja haraka waliobaki ili hasara ipungue. Nimeiona tabia hiyo vijiji vingi, na umaskini unaoisababisha naufahamu. Hata hivyo nasema msifanye. Kideri na mafua makali ya ndege kwa macho hayatofautiki: yote huzima banda zima ndani ya siku chache. Anayejua tofauti ni maabara, na njia ya kufika maabara ni kumwita afisa mifugo kabla ya kisu.

Mwaka 2024 Marekani iligundua H5N1 ndani ya ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wengi wetu tuliokulia kwenye fani hatukulitazamia. Paka wa mashambani waliokunywa maziwa mabichi walikufa. Watu takriban 70, wengi wao wafanyakazi wa ng'ombe na kuku, waliambukizwa, karibu wote kwa ugonjwa mwepesi, macho mekundu na homa ndogo, ingawa mgonjwa mmoja wa Louisiana alifariki mwanzoni mwa 2025. Wapo walioharakisha kusema ni kinga ya seli T iliyowaokoa. Huenda imechangia. Lakini huenda wengi waliambukizwa kwa maziwa kuwarukia machoni, si kwa kuvuta virusi hadi mapafuni. Na N1 ya mafua ya watu ina undugu na N1 ya H5N1, hivyo hata kingamwili huenda zilisaidia. Sababu zikiwa nyingi, mwenye busara haichagui inayompendeza. Maziwa, kwa hali yoyote, yachemsheni.

Neno la mwisho ni kwenu mnaosoma, na hili ni la kazi. Ndoto ya chanjo moja ya mafua yote kwa sehemu imejengwa juu ya seli hizihizi T, na imeshaumiza watu wengi wenye vipaji. Chanjo ya Oxford iliyobeba nyukleoprotini na M1 iliamsha seli T vizuri, lakini ilipojaribiwa kwa watu wengi Australia, juu ya chanjo ya kawaida, haikupunguza mafua. Nyingine ya Israeli, M-001, ilishindwa hatua ya tatu ya majaribio mwaka 2020. Msizikimbie habari hizo, zisomeni kuliko zile za ushindi, kwani huenda kosa liko mahali pa kuchanjia: sindano ya begani huamsha seli kwenye damu, na mafua yako mapafuni.

Kuna na pengo linalotuhusu sisi hasa. Vipande ambavyo seli T huvitambua hutegemea HLA ulizorithi kwa wazazi. Utafiti mwingi umefanywa kwa watu wa Ulaya, kwenye aina ya HLA iliyo ya kawaida kwao. Mwaka 2014 watafiti walikadiria kwamba kinga ya namna hii dhidi ya H7N9 ingetofautiana sana kati ya watu wa asili mbalimbali duniani, na wenyeji wa asili wa Australia na wa Alaska wangeachwa na kinga ndogo zaidi. Afrika ndiyo yenye HLA za namna nyingi kuliko bara lolote. Damu ya mchuuzi wa kuku wa Kisumu, Mwanza au Bukavu ina majibu ambayo London na Memphis hawawezi kuyatoa kwa niaba yenu. Kazi hiyo ni yenu, naomba mmoja wenu aianze mimi nikiwa hai.

Na wewe kijana mwenye nguvu, unayeshika kuku kila siku: banda likifa wiki hii, halafu ukapata homa, kikohozi au macho mekundu, hata kama unajisikia wa kwenda kazini, usiende. Kaa mbali na bibi yako na mtoto mchanga wa dada yako. Nenda kituo cha afya siku ya kwanza au ya pili, maana dawa ya mafua hufaa zaidi ikianza mapema, na ukifika usisubiri kuulizwa. Mganga akiona homa atapima malaria kwanza. Mwambie wewe mwenyewe kwamba umeshika kuku waliokufa.